Gari Linazima Jua Linapokuwa Kali: Kutafuta Chanzo kwa Kufuata Dalili

Kila kiangazi, hasa kati ya Desemba na Februari, malalamiko yanayofika gereji hufanana. Gari limetoka Kampala alfajiri bila shida yoyote, limevuka Luweero, na saa nane mchana, njiani kuelekea Karuma, injini imezima. Dereva anakaa chini ya mti kwa nusu saa, anarudi, anapiga starta, na gari linawaka kana kwamba halikuwahi kuzima. Fundi akiitwa analikuta linanguruma vizuri, anabadilisha plagi ili asiondoke mikono mitupu, analipwa, na wiki inayofuata linazima tena.

Jua lenyewe si chanzo. Injini nzima ya petroli hufanya kazi kwenye nyuzijoto zinazokaribia 90 hata asubuhi ya baridi ya Kabale, kwa hiyo hewa ya nyuzi 35 huko Pakwach au Moroto haiwezi kuiua peke yake. Inachofanya joto ni kufichua kifaa ambacho tayari kimechoka: waya mwembamba uliopasuka ndani ya sensa hutanuka ukaachana, pampu iliyolika hushindwa kusukuma, maji yaliyopungua huchemka. Kwa sababu hiyo, kazi ya kwanza ya mwenye gari ni kukumbuka mambo matatu kabla ya kununua spea yoyote: gari lilizima kwa namna gani, sindano ya kipimo cha joto kwenye dashibodi ilikuwa wapi wakati huo, na lilihitaji dakika ngapi ili liwake tena. Mwenye majibu ya maswali hayo amekwisha kupunguza orodha ya washukiwa kwa zaidi ya nusu.

Kuhusu usalama, jambo moja ni la lazima lijulikane mapema. Injini ikizima gari likiwa katika mwendo, usukani unakuwa mzito na breki zinabaki na msaada wa kukanyaga mara mbili au tatu tu. Usizungushe ufunguo hadi mwisho, kwa maana usukani unaweza kujifunga. Kanyaga breki kwa nguvu kwa mkupuo mmoja bila kuiachia, sogea kushoto nje ya lami, washa taa za tahadhari, kisha weka pembetatu mbali nyuma ya gari. Kwenye kona za msitu wa Mabira malori huja kwa kasi na hayana pa kukwepea.

Injini inakata ghafla, kisha inagoma kuwaka mpaka ipoe

Dalili ni hii: hakuna kukohoa wala kusitasita. Injini inakata kama mtu aliyezima taa, sindano ya joto iko katikati mahali pake, starta inazungusha injini kwa nguvu zote lakini haishiki. Baada ya dakika 20 hadi 40 inawaka.

Mshukiwa wa kwanza ni sensa ya krenki, ile inayoiambia kompyuta ya gari kwamba injini inazunguka na imefika wapi. Bila taarifa yake kompyuta haitoi cheche wala petroli. Ndani ya sensa za aina ya zamani mna waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi sana, na ukipasuka kidogo, joto huuachanisha na baridi huurudisha. Kwenye injini za 1NZ na 1ZZ, ambazo zimejaa katika Toyota Premio na Corolla zilizoletwa zikiwa zimetumika kutoka Japani, sensa hii hukaa chini mbele ya injini karibu na puli ya krenki, mahali ambapo joto, vumbi na oili inayovuja hukutana.

Niseme wazi kwamba somo hili lilinigharimu. Premio yangu ilizima mara tatu mwezi mmoja kwenye barabara ya Jinja, kila mara karibu na Lugazi na kila mara baada ya saa saba mchana. Nilibadilishiwa pampu ya mafuta, kisha plagi, kisha koili moja, ile inayoipa plagi umeme wa cheche. Mara ya nne fundi mmoja mzee aliyekuwa akipita aliniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Mwanangu, ukipiga starta, ule mshale wa mizunguko ya injini unatikisika?" Nilitazama. Ulikuwa umelala kwenye sifuri. Alichukua kitambaa, akakilowesha kwa maji ya kunywa, akakikandamiza juu ya sensa kwa muda wa kama dakika tano, akaniambia nijaribu. Gari liliwaka. Soketi ya sensa ilipochomolewa, ilikuwa imejaa oili nyeusi, na plastiki yake ilivunjika mkononi kama biskuti.

Hatua za kufuata ni zile zile alizozifuata yeye. Kwanza tazama mshale wa mizunguko wakati starta inazungusha. Ikiwa umelala kabisa wakati kwa kawaida hutikisika, sensa inashukiwa. Pili, kama una kile kifaa kidogo cha kusoma hitilafu kinachounganishwa na simu, tafuta msimbo P0335 wa sensa ya krenki, au P0340 wa sensa ya kemshafti, shafti inayofungua vali. Kutokuwepo kwa msimbo hakuiondolei sensa lawama, kwa kuwa magari mengi huandika hitilafu hii kwa kuchelewa au hayaiandiki kabisa. Tatu, injini ikiwa imezimwa na ufunguo umetolewa, ipoze sensa kwa kitambaa chenye maji. Usimwage maji ya baridi juu ya injini yenye moto, kwa maana chuma kinaweza kupasuka. Nne, kagua soketi na waya kabla ya kununua sensa mpya.

Spea nayo ina tabu yake. Sensa mpya ya bei ya chini na ile iliyotolewa kwenye gari kuukuu zinaweza kufanana kwa sura, na yote mawili unaweza kuyakuta kwa siku moja huko Kisekka, soko la spea la Kampala. Mimi ningechukua ile iliyotumika lakini ni halisi kuliko mpya isiyojulikana ilikotoka, mradi muuzaji akubali kuirudisha.

Mshukiwa wa pili ni rilei, yaani swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme, ya mfumo wa injini au ya pampu. Risasi iliyounganisha vyuma vyake ndani hupata nyufa, na sanduku la fyuzi likipata moto mawasiliano hukatika. Ukaguzi ni rahisi: badilishana rilei hiyo na nyingine yenye namba ile ile kwenye sanduku hilo hilo, mara nyingi ile ya honi, kisha endesha siku chache. Tatizo likihamia kwenye honi, umelipata.

Wa tatu ni koili. Gari lenye koili moja kwa kila silinda kwa kawaida halizimi kabisa kwa sababu ya koili moja. Litatetemeka na kupoteza nguvu, na mashine itaonyesha msimbo kati ya P0301 na P0304, ambapo tarakimu ya mwisho hutaja silinda. Kwa magari ya zamani yenye koili moja na distributa inayogawa cheche, joto linaweza kuzima cheche yote. Mwisho kabisa ni swichi ya ufunguo iliyolegea na waya wa ethi ulioliwa na kutu. Ukiona taa zote za dashibodi zinazimika pamoja na injini, anza na hizi mbili na uache sensa.

Gari linapoteza nguvu taratibu, linasitasita kwenye mlima, kisha linazima

Hapa injini inakufa kwa njaa. Unakanyaga akseleta na gari halijibu, linajikongoja, na ukisimama kidogo linapata nafuu.

Kabla ya kitu kingine chochote, tazama kipimo cha mafuta. Pampu za umeme za magari ya kisasa hukaa ndani ya tanki, na petroli inayoizunguka ndiyo inayoipoza. Wengi wetu tumezoea kununua mafuta ya shilingi 20,000 kwa siku na kuendesha taa ya mafuta ikiwa inawaka wiki nzima, na kwa mazoea hayo pampu inafanya kazi ikiwa uchi ndani ya tanki lenye moto. Jaza tanki hadi nusu na uendeshe njia ile ile saa ile ile. Tatizo likitoweka, pampu imechoka na siku zake zinahesabika, hata kama leo inakuvumilia.

Kisha sikiliza. Mahali penye utulivu, geuza ufunguo bila kupiga starta. Kwa magari mengi utasikia chini ya kiti cha nyuma mlio mdogo kwa takriban sekunde mbili. Fanya hivyo gari likiwa limepoa ili uujue mlio wenyewe, kisha uusikilize tena mara tu gari linapozima. Kama mlio huo ulikuwepo na sasa ni kimya, au unakwaruza, hilo linaelekeza kwenye pampu, rilei yake au soketi yake.

Cha pili ni uchafu. Kichujio cha wavu kilichovishwa mdomo wa pampu huziba kwa matope na kutu, hasa kwa magari yanayojazwa kwa jerikeni vijijini. Ukiyamimina mafuta hayo kwenye chupa angavu na kuyaacha yatulie, maji yatakaa chini na petroli juu, nawe utaona mpaka kati yao. Cha tatu, ambacho hakigharimu chochote kukipima, ni kifuniko cha tanki. Gari likizima, kifungue na usikilize. Ukisikia hewa ikivutwa kwa nguvu kuingia ndani na gari likawaka mara moja, tanki halipumui: kifuniko au mrija wa kupumulia umeziba, na pampu imekuwa ikivuta dhidi ya ombwe.

Ukaguzi wa uhakika ni kupima presha ya mafuta kwa geji. Magari mengi ya petroli yenye sindano za kawaida za kunyunyizia mafuta huhitaji takriban bar 3 hadi 3.5, na kipimo kinapaswa kuchukuliwa injini ikiwa na moto, kwa sababu pampu mbovu inaweza kutoa presha nzuri asubuhi. Kazi hii mwachie fundi. Petroli inayonyunyiza juu ya injini yenye moto inaweza kuwaka bila kusubiri kiberiti, na tanki halifunguliwi karibu na sigiri, mashine ya kuchomelea wala mtu anayevuta sigara. Injini za petroli za Toyota za aina ya D-4, ambazo hunyunyizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, zina pampu ya pili yenye presha kubwa zaidi sana. Huko usilegeze nati yoyote.

Kuhusu mvuke kuziba mrija wa mafuta, habari inayopendwa sana na madereva wa zamani, ni kweli kwa pikapu zenye kabureta na pampu iliyofungwa ubavuni mwa injini. Petroli huchemka ndani ya mrija, na pampu ya kuvuta haiwezi kuvuta mvuke. Kitambaa chenye maji juu ya pampu husaidia, na dawa ya kudumu ni kuusogeza mrija mbali na bomba la moshi au kuuzungushia kinga. Kwa gari lenye sindano za mafuta na pampu ndani ya tanki, presha huzuia jambo hilo karibu kabisa, kwa hiyo fundi akikwambia kwamba Premio yako "ina mvuke", mwombe akuonyeshe kipimo.

Sindano ya joto inapanda kabla injini haijazima

Simama. Usimalizie mlima, usiseme "hapo mbele kuna stesheni". Dakika tatu za kuendesha sindano ikiwa kwenye wekundu zinaweza kutosha kupinda silinda hedi ya alumini. Na usifungue kifuniko cha rejeta kabla ya nusu saa kupita na bomba la juu kushikika kwa mkono bila kuunguza. Maji yaliyo chini ya presha hulipuka kuwa mvuke papo hapo, na yameacha makovu kwenye nyuso za watu wengi.

Hapa inafaa kuelewa kwa nini Uganda inawaumbua wanaotumia maji ya bomba na kifuniko chakavu. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi 96 tu. Huko Kabale huchemka mapema zaidi. Kifuniko kizima kilichoandikwa 1.1 kinaongeza presha na kukisogeza kiwango cha kuchemka hadi karibu nyuzi 120. Sasa, feni ya magari mengi huanza kuzunguka injini inapofika nyuzi 93 hadi 96. Kifuniko kikiwa na mpira uliopasuka, maji yataanza kuchemka wakati feni ndiyo kwanza inaamka. Kifuniko ni cha bei ndogo, na ndicho kitu ambacho mafundi hukisahau.

Kwa hiyo, gari likiwa limepoa kabisa, anza na kiwango cha maji ndani ya rejeta yenyewe, si kwenye chupa ya akiba peke yake, kwa maana chupa inaweza kujaa wakati rejeta ni tupu. Kisha kagua mpira wa kifuniko. Kisha washa gari, liache lifikie moto wake, na uhakikishe feni inawaka yenyewe; ukiwasha AC, kwa magari mengi inapaswa kuanza mara moja. Kama feni yako ilishaunganishwa dairekti na swichi ya pembeni, jiulize ni lini mara ya mwisho ulisahau kuibonyeza. Mwishoni chungulia kati ya rejeta na kondensa ya AC: wadudu, manyoya na vumbi jekundu la marram hujenga hapo blanketi zima. Lisafishe kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kwenda nje, kwa sababu presha kubwa hukunja mapezi.

Kuna desturi ambayo siiungi mkono hata kidogo, ile ya kung'oa thamostati kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto. Kwenye injini nyingi za Toyota thamostati ina kazi mbili: inafungua njia ya kwenda kwenye rejeta na wakati huo huo inafunga njia ya mkato. Ikiondolewa, njia ya mkato hubaki wazi, sehemu ya maji huzunguka bila kupita kwenye rejeta, na mlimani gari linachemka zaidi ya awali. Barabara ikiwa tambarare na asubuhi ikiwa na baridi, injini nayo haifikii moto wake na inakula mafuta. Rudisha iliyo sahihi. Kwa injini nyingi hizo huandikwa 82, yaani nyuzijoto inazofungukia.

Ukiona moshi mweupe mzito usiokoma, oili yenye rangi ya chai ya maziwa, au mapovu yanayopanda mfululizo kwenye rejeta mara tu injini inapowashwa, gasketi ya silinda hedi imeungua au hedi imepinda. Hapo kazi yako imekwisha. Usiwashe tena, vuta gari hadi gereji.

Linazima kwenye foleni tu, hasa AC ikiwa inafanya kazi

Kwenye njia kuu gari halisumbui, lakini ukifika kwenye msongamano wa Clock Tower jijini Kampala, mzunguko unashuka, gari linatetemeka na kuzima. Linawaka tena papo hapo.

Mara nyingi chanzo ni uchafu kwenye mlango wa hewa unaofunguliwa na akseleta, pamoja na vali ndogo inayolinda mzunguko wa gari lililosimama, ule ambao mafundi huuita sailensi. Kompresa ya AC ikishika, injini huhitaji hewa zaidi kidogo, na utando mweusi wa kaboni unaikosesha. Usafishaji kwa dawa maalumu na kitambaa laini hutatua kesi nyingi, ingawa baadhi ya magari huhitaji kufundishwa upya sailensi yake baadaye, na mlango wa umeme haupaswi kulazimishwa kwa kidole. Injini za D-4 zina kaboni nyingi zaidi kwenye njia za hewa, na huenda zikahitaji kufunguliwa na fundi anayezijua.

Likiwa si hilo, pima umeme. Betri isome karibu volti 12.6 gari likiwa limezimwa, na kati ya 13.5 na 14.5 likiwa linanguruma huku taa, feni na AC zikifanya kazi. Alterneta inayoshuka chini ya 13 ikipata moto inaweza kuzima gari kwenye foleni na kulisingizia jua.

Na kama gari la otomatiki linazima pale tu unapokanyaga breki ili kusimama, lakini halizimi ukiiweka gia kwenye N kabla ya kusimama, tatizo huenda liko kwenye gia boksi: kufuli ya ndani haiachii. Kagua kiwango na rangi ya oili ya gia, kisha umwone mtaalamu wa gia boksi.

Gari la dizeli

Kwa Hiace na pikapu za zamani, angalia kwanza hewa inayoingia kupitia mpira uliopasuka kati ya tanki na pampu. Pampu ya mkono iliyo juu ya kichujio ikiwa laini kila unapoibonyeza, hewa inaingia. Badilisha kichujio na umwage maji yake. Ikiwa gari linawaka vizuri likiwa baridi na kugoma likiwa na moto, pampu kuu imelika: dizeli yenye moto ni nyepesi, nayo hupenya kwenye nafasi zilizolika badala ya kwenda kwenye nozeli.

Kwa injini za D-4D, ambazo ni dizeli za kisasa zaidi za Toyota, vali inayodhibiti mafuta yanayoingia kwenye pampu ya presha ni mshukiwa wa kawaida gari linapozima likiwa na moto. Usilegeze mrija wowote kati ya pampu na nozeli. Presha humo huzidi bar 1,000, na mnyunyizo usioonekana kwa macho unaweza kupenya ngozi na kuingia mwilini. Jeraha la namna hiyo linaonekana dogo kama la sindano, lakini ni la kupelekwa hospitali saa hiyo hiyo.

Baada ya matengenezo

Usilipe salio kwa sababu gari limewaka ndani ya gereji. Liliwaka hivyo hata kabla ya kuguswa. Endesha njia ile ile, saa ile ile, na mzigo ule ule, na fundi akiwa kiti cha kushoto ikiwezekana. Kifaa kilichotolewa kidai na ukiweke kwenye buti. Mimi ile pampu yangu ya kwanza niliyobadilishiwa bila sababu bado ninayo, nzima kabisa.